Siku Tuliyokwenda Kumuaga Mama Ukutani

Namshukuru Mungu aliyetufinyanga kwa mavumbi akatutia pumzi, ambaye anapotoa ni mwema na anapochukua pia ni mwema, ingawa hilo la pili nililijifunza polepole na kwa machozi. Kabla sijaandika neno lolote juu ya walionitangulia, nasema asante kwa uhai, kwa akili ya kukumbuka, na kwa subira aliyonipa ya kungoja miaka mingi kabla ya kulisimulia jambo hili.

Harufu ninayoikumbuka kwanza ni ya udongo mbichi uliofunikwa kwa gunia. Si ile ya mvua ya kwanza ambayo watu huisifu. Hii ilikuwa nzito, ya ubaridi, yenye uchachu kidogo kama uji uliolala. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Alichimba udongo ukingoni mwa mto, chini ya soko la Kamukuywa, akaubeba kichwani, akautwanga, akauchambua mawe kwa vidole, kisha akaulaza siku nne nyuma ya jiko kabla ya kuugusa tena. Mitungi yake ilijulikana kutoka Chwele hadi Kiminini kwa alama mbili. Mtungi ukiwa bado mbichi, aliviringisha gunzi la mahindi shingoni mwake, likaacha vishimo vidogo vidogo kama madoa ya kanga. Halafu chini ya mdomo akabonyeza kidole gumba mara tatu. Baba, aliyekuwa mtu wa kanisa, alipenda kuwaambia wageni kwamba zile alama tatu ni za Utatu Mtakatifu. Mama alicheka tu, akasema mara ya nne kidole huwa kimechoka. Uso wake nilikuwa naujua vizuri siku hizo: mweusi, mwembamba, wenye kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto alipoangukiwa na kuni akiwa msichana, na meno yaliyobanana kama punje za mahindi mabichi. Nayaandika haya kwa sababu niliyakariri kwa maneno. Mbele tutaona kwa nini sikuweza kuyahifadhi kwa njia nyingine.

Mama alikufa nikiwa na miaka saba, na mdogo wangu Nafula akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikufa kwa ugonjwa ambao siku zile hakuna aliyeutaja kwa jina. Watu walisema “huu wa siku hizi,” wakashusha sauti kana kwamba ugonjwa wenyewe una masikio. Kwetu mtu akifa, kabla hajazikwa jeneza hufunguliwa, watu wakapanga mstari, wakapita upande mmoja, wakamtazama usoni, wakatokea upande wa pili. Hiyo ndiyo kuaga mwili, na asiyeaga hubaki na deni moyoni. Jeneza la mama halikufunguliwa. Senge, yaani dada mkubwa wa baba, alisimama mbele yake na mikono kiunoni, akasema watoto wasisogee, ati ugonjwa huo hata maiti huuambukiza. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na mwoga humfanyia ukatili ampendaye akidhani anamlinda. Siku ya tatu baada ya maziko, siku ya kunyolewa nywele, ambapo vitu vya marehemu hugawiwa jamaa, vya mama havikugawiwa. Nguo zake zilichomwa pamoja na mkeka wake. Mitungi iliyobaki ilivunjwa mmoja mmoja mferejini, na hadi leo sauti ile ya kuvunjika naisikia nikiwa macho kabisa.

Kuna kosa moja tulilolifanya ambalo nadhani watu wengi wa upande wetu walilifanya miaka ile. Picha aliyopigwa mama maisha yake yote ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho. Ili kuandikiwa kibali cha kuzika, kitambulisho cha marehemu hurudishwa kwa serikali. Baba alikwenda kwa naibu wa chifu asubuhi na mapema, macho mekundu, akakitoa mfukoni, akakiweka mezani, akaondoka na karatasi. Fotokopi ilikuwa mbali mjini, maiti ilikuwa inasubiri, na mawazo ya baba yalikuwa kwenye mbao za jeneza. Hakuna aliyemkosea, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Ilipita kama wiki mbili ndipo nikamwona ameketi kitandani anapapasa mifuko ya koti lake la suti, mmoja baada ya mwingine, kisha anaanza tena. Alikuwa amekumbuka alichokitoa.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Nafula alikuwa ndiye mwana wa methali hiyo hasa, kwa kuwa alichokijua kwa mama ni kisogo, mgongo na harufu, basi. Alipofika miaka mitano alianza kuuliza. Mwaka huo ulikuwa wa tohara, na mwezi wa nane njia zote za Bungoma zilijaa sauti ya njuga za wavulana waliokwenda kuwaalika wajomba zao. Watoto wakicheza mchezo wa kutaja mama wa nani ni nani na mjomba wa nani yuko wapi, Nafula alikaa pembeni. Binti mmoja wa jirani, mwenye mdomo mkali kuliko umri wake, alimwambia mbele ya wote, “Wewe si uliokotwa mtoni? Mama yako tuonyeshe hata picha! Sisi yetu iko kwa ukuta, na mama amevaa saa.” Nafula alimrushia gunzi, akamkosa, akaja kwangu analia. Akaniuliza kama ni kweli aliokotwa. Nilimwambia kuhusu kovu, kuhusu meno, kuhusu kicheko cha mama. Alisikiliza, kisha akasema, “Lakini sasa mimi simwoni.” Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Tena Nafula mwenyewe alikuwa mgonjwa. Baba alijua, senge alijua, nami nilijua kwa namna watoto wanavyojua, bila kuambiwa. Vipele havikumwisha kichwani, kikohozi kilihamia kifuani mwake kama mpangaji asiyetaka kuondoka, na nilipombeba niliona kila mwezi amekuwa mwepesi zaidi. Dawa zilikuwa zimeanza kutajwa redioni, lakini zilikuwa bado hazijaifikia zahanati yetu. Mhudumu wa pale alimpa sharubati ya kikohozi na kumwambia baba amlishe mayai. Tulimlisha mayai. Usiku baba aliomba kwa sauti ya chini, na katika maombi yake sikusikia tena akimwomba Mungu amponye. Alimwomba ampe kitu cha kumfurahisha. Ndipo nikaelewa kwamba muda ulikuwa mfupi.

Aliyeleta habari alikuwa Mama Ciku, mfanyabiashara wa Kiminini, ambaye jamaa zake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati zamani sana. Alikuwa amenunua mitungi ya mama kwa miaka sita na kuiuza tena kando ya barabara pamoja na kabeji na viazi, na baada ya kifo aliendelea kupita kwetu kutujulia hali, jambo ambalo hata baadhi ya jamaa wa damu waliliacha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Siku hiyo hakukubali hata kikombe cha chai kabla ya kusema.

“Baba Nekesa, wacha nikuambie kitu na usinikasirikie. Nimeona bibi yako.”

“Mama Ciku, bibi yangu tulizika.”

“Si najua? Si nilikuwa hapo nikipika? Nimemwona kwa ukuta, bana! Kule kwa ile nyumba ya mapicha, mbele ya Kitale, kando ya ziwa. Nilikuwa nimepeleka mboga kwa jikoni yao, nikachungulia. Ako hapo, amekaa na mtungi wake. Kabeji karibu ianguke.”

Baba alimwuliza kama ana hakika. Mama Ciku akakasirika kidogo, akaweka mkono kifuani. “Mimi nimeuza vyungu vya huyo mama miaka sita yote. Nitakosa kujua kidole chake?”

Baba alilelewa katika mafundisho yaliyoogopa sana sanamu, na hata kalenda yenye picha hakuitundika. Kwa siku tatu alikwenda shambani akarudi kama kawaida. Siku ya nne aliitoa suti yake sandukuni, ile aliyoivaa kwenye maziko, akaianika juani ipoteze harufu ya dawa ya nondo. Akaniambia nimwogeshe mdogo wangu kesho yake asubuhi, nimpake mafuta, nimvalishe soksi. Nafula alipoambiwa tunakokwenda, aliuliza kama mama atamsalimia. Nilimweleza kwamba ni picha tu, haisemi. Akasema haidhuru, yeye ndiye atakayesalimia. Kisha akatoka mbio hadi kwenye ua wa jirani, mbio za mtoto asiye na pumzi, akasimama hapo akikohoa, akapiga kelele, “Naenda kuona mama yangu! Yuko kwa ukuta! Ukuta mkubwa kuliko wenu!”

Kaka yake Mama Ciku alitupakia kwenye pikapu yake juu ya magunia hadi Kitale, na kutoka hapo tulitembea. Nafula alichoka kabla hatujapita nyumba za mwisho za mji. Kwetu mwanamume habebi mtoto mgongoni kwa shuka. Hiyo ni kazi ya mama au dada. Baba aliniomba leso yangu, akainama, akamfunga mgongoni juu ya koti la suti, akatembea hivyo barabarani mchana kweupe. Wanawake waliokuwa wakipalilia walisimama kumtazama. Macho hayana pazia. Yeye alitazama mbele tu. Nilipotaka kumpokea alisema, “Acha. Wewe utamwonyesha tukifika.” Sikuelewa mara moja kwamba alikuwa ananipa kazi iliyo nzito kuliko mtoto yule.

Ziwa lenyewe lilikuwa bwawa lililochimbwa na mwenye shamba wa zamani, lakini wenyeji waliliita ziwa, na kwetu sisi tuliozoea mito lilikuwa ziwa kweli. Maji yake yalilala bila kukunjamana. Mafunjo yalizunguka kingo, korongo wawili wenye taji walitembea matopeni kama wazee wa baraza, na juu ya yote palikuwa na kimya ambacho sijawahi kukipata mahali pengine. Watu husifu utulivu wa namna hiyo. Mimi ulinitisha. Niliona kama mahali ambapo kila kitu kimekwisha kusemwa. Nyumba ilikuwa ya mawe, ya chini, yenye veranda ndefu iliyotazama maji, na mlangoni alikaa mwanamke mnene aliyevaa sweta ya buluu, akifuma kitambaa. Baba alimshusha Nafula, akavua kofia, akavua viatu akavipanga ukutani, nasi tukavua vyetu.

“Mzee, viatu si lazima mtoe,” yule mwanamke alisema. “Karibuni tu. Mmetoka wapi?”

“Tumetoka Kamukuywa,” baba alimjibu. “Tumekuja kuaga mwili.”

Sindano zilisimama mikononi mwake. “Mwili? Mzee, hapa hakuna maiti. Hapa ni kazi za sanaa tu.”

“Tunajua, mama. Ni ule wa ukutani.”

Yule mwanamke alitutazama, akaitazama suti ya baba, akamtazama Nafula na soksi zake nyeupe, akaweka kazi yake kando bila kuuliza zaidi. Alitutangulia. Ndani mlinukia nta ya sakafu na mbao za zamani. Tulipita ngao za ngozi, vigoda vya miguu mitatu, vinyago vilivyofumba macho, vibuyu vya maziwa vilivyochomwa mapambo, vyote vikiwa nyuma ya kamba na vibandiko vya kukataza kugusa. Baba alitembea polepole, kofia kifuani, upande wa kulia wa chumba, kama mtu aliye kwenye mstari wa waombolezaji, nasi nyuma yake. Sikuona kichekesho chochote katika hilo, na sikioni hata leo. Alikuwa anatupa kile tulichonyimwa miaka minne nyuma.

Picha ilikuwa katika chumba cha mwisho, chenye dirisha lililotazama ziwa. Ilichorwa kwa rangi za mafuta, kubwa, karibu kimo changu. Chini yake paliandikwa maneno mawili tu, kwamba ni mfinyanzi na kwamba ni Chwele. Kwanza niliona mtungi. Ulikuwa wa mama. Mchoraji alikuwa ameuchora kwa uaminifu wa ajabu: madoa ya gunzi shingoni, na chini ya mdomo alama tatu za kidole, ya tatu ikiwa imeingia kidogo kuliko nyingine, kama mama alivyobonyeza siku zote. Kisha nikainua macho juu ya mtungi ule, juu ya mikono, juu ya kitambaa cha kichwani.

Hakuwa mama.

Alikuwa mwanamke wa uso wa mviringo, mweupe kidogo, mwenye macho ya upole, anayetabasamu na mwanya mpana katikati ya meno ya juu. Labda aliununua mtungi sokoni siku ile mchoraji alipopita. Labda mchoraji alimwomba akae nao kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kuondoka, au alikuwa mgonjwa nyumbani. Sijui. Mama Ciku hakudanganya; alikitambua kidole, na uso akauona kwa mbali kwa macho ya mtu anayetamani. Mkono wa baba ulinishuka begani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, nikajua kwamba naye ameona.

“Baba, ndiye?” Nafula aliuliza.

Baba alifungua mdomo. Huyu alikuwa mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfukuza mchuuzi. Akaufumba. Nafula akangoja, kisha akageuka kwangu.

“Nekesa, ndiye?”

Nilijifunza katekisimu kabla ya kujua kusoma vizuri. Amri ya kukataza ushuhuda wa uongo niliijua kwa Kibukusu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nilimtazama mdogo wangu, shingo nyembamba ikitoka kwenye kola iliyomzidi, macho yakiwa makubwa kuliko uso, na nikajua kwamba hakutakuwa na safari nyingine.

“Ndiye,” nikasema.

“Lakini ulisema ana kovu.”

“Picha haionyeshi kovu.”

“Na meno ulisema yamebanana.”

“Nilisahau. Nilikuwa mdogo.”

Alinitazama kidogo, kama mwalimu anayepima jibu la mwanafunzi, kisha akakubali. Akasogea hadi kwenye kamba, akashika mikono yake nyuma kama tulivyofundishwa shuleni mbele ya wageni. “Mama,” alisema, “mimi ni Nafula. Nimekua. Wanasema ati niliokotwa mtoni, nami nitawaambia.” Akafikiri kama kuna lingine. “Mtungi wako ni mzuri.” Akataka kumgusa shavu. Yule mwanamke wa sweta akasema kwa huruma, “Haguswi, mwanangu, rangi itaharibika.” Nafula hakubisha. Baba alipiga magoti pale sakafuni akaanza kuomba, na yule mwanamke akanong’ona, “Mzee, huku watu hawaombi.” Halafu, alipoona baba hasikii, akaondoka chumbani taratibu akatuachia mlango wazi. Katika maombi yale baba alimshukuru Mungu kwa mwanamke wa pichani, akamwombea popote alipo. Hakumwita mke wake. Alipata njia ya kusema kweli. Mimi ndiye niliyebaki na uongo.

Tuliketi kwenye nyasi kando ya maji, tukala viazi vitamu tulivyochemsha nyumbani. Nafula alisinzia na kipande mkononi. Korongo walikuwa wamevuka upande wa pili. Baba alitupa maganda majini, akayatazama yakielea.

“Nekesa. Umeona?”

“Nimeona, baba.”

“Haya. Basi tumeona.”

Hatukulizungumza tena. Hadi Mungu alipomwita baba miaka mingi baadaye, halikutajwa kati yetu.

Nafula alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Alikwenda nyumba kwa nyumba kueleza jinsi mama alivyo: uso wa mviringo, macho mazuri, mwanya. Mwanya ndio uliompendeza kuliko vyote. Mtoto wa jirani alipomchokoza tena, alimjibu kwa dharau, “Mama yako ana saa. Wangu ana mwanya, na yuko kwa nyumba ya mawe.” Mahindi yalipoanza kukauka shambani, jino lake la mbele lililegea, likatoka. Alikuwa hawezi tena kutembea bila kushikwa, lakini siku hiyo alidai apewe kioo. Alijitazama muda mrefu, akavuta mdomo kwa vidole, akacheka kicheko kilichoishia katika kikohozi. “Sasa nafanana na mama,” alisema. Aliniita nitazame. Nilitazama, nikasema ndiyo, wanafanana kabisa. Aliaga dunia kabla ya mavuno kwisha, katika wodi ya watoto, mchana, baba ameushika mguu wake mmoja nami mwingine. Muuguzi aliyekuwa zamu alituambia baadaye kwamba asubuhi ile Nafula alimwonyesha pengo lake na kumsimulia habari za mama. Safari hii jeneza lilifunguliwa. Baba ndiye aliyesimama mbele yake, na senge hakuthubutu kusema neno. Alipita kwenye mstari kama wengine, akalia kuliko wote.

Dawa zilifika mwaka uliofuata. Zilimkuta baba, aliyekuwa nao ugonjwa ule, zikampa miaka ambayo hakuitarajia; hazikumkuta Nafula. Nimejifunza kutomwuliza Mungu hesabu za namna hiyo, si kwa sababu sina swali, ila kwa sababu nimeona ameketi nami hata lisipojibiwa.

Leo mimi ni mzee wa kanisa. Katika dhehebu letu wanawake pia huwekewa mikono, nami niliwekewa kabla ya kupata mvi. Kazi yangu kubwa ni matanga. Nasimama penye makaburi ya Kamukuywa, Chwele na hata Kiminini, na ninaona jinsi mambo yalivyogeuka. Siku hizi marehemu hana shida ya uso. Picha yake huchapishwa kwenye turubai kubwa na kutundikwa langoni, kwenye fulana za vijana, kwenye kijitabu cha ratiba, na simu hamsini huinuliwa jeneza linapofunguliwa. Watoto wangu wana picha zangu nyingi ambazo sizijui, nyingine nikiwa nimefumba macho, nyingine nikitafuna. Siwalaumu. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja ningetoa kila nilichokuwa nacho kwa picha moja ya mama akitafuna. Wala ugonjwa ule hautajwi tena kwa kunong’ona kama zamani. Vijana wanaoumwa humeza vidonge vyao, wanaoa, wanazaa watoto wazima. Kwa hayo namshukuru Mungu kila siku bila kuchoka.

Lakini uongo una mshahara wake, hata ule uliosemwa kwa upendo. Kwa kuwa nilimsimulia Nafula uso ule kila jioni hadi mwisho, uliingia mahali pa mama na kuketi. Nikifumba macho sasa kumtafuta mama, anayekuja ni mwanamke mwenye mwanya. Kovu nalijua kwa maneno; silioni. Nimepita njia panda ya kwenda ziwani mara nyingi nikiwa na shughuli za kanisa Kitale, na sijawahi kukata kona. Naogopa kusimama mbele ya mwanamke nisiyemjua na kumwita mama kwa moyo wote.

Nililiungama jambo hili kwa mchungaji mmoja, akaniambia nimesamehewa, nami naamini. Kilichonisumbua kwa miaka mingi ni kingine. Tunafundisha kwamba siku ya mwisho wafu watafufuka na tutaonana uso kwa uso. Nilikuwa nikifika hapo katika mafundisho sauti inakwama, kwa kuwa nilimwona mdogo wangu katika umati ule mkubwa, na soksi zake nyeupe, anapita katikati ya watu akimtafuta mwanamke mwenye mwanya, anampita mama yake mwenyewe bila kusimama. Mimi ndiye niliyempa uso wa kutafuta, nami nilimpa usio wa mama yake.

Nilibeba picha hiyo moyoni hadi nilipozaa. Mtoto wangu wa kwanza aliwekwa kifuani mwangu akiwa bado hajafumbua macho, hajui mimi ni nani, hajui hata kwamba kuna mtu. Nami nilimjua. Hakuhitaji kunitafuta. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tangu hapo ninapofundisha sauti haikwami. Nafula atafute anayemtafuta. Nyuma yake kutakuwa na mwanamke mwembamba aliyembeba mgongoni mwaka mzima na nusu, anayeijua pumzi yake kwa mgongo, naye hatahitaji kuonyeshwa picha ya mtu yeyote. Atamwita kwa jina, na mtoto atageuka.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuhifadhie nyuso za uwapendao. Na zile zilizokwisha kufutika machoni pako, zibaki salama machoni pake. Amina.